Shavu la Kushoto

Wanagenzi wenzake walimwita Kipimo, kwa sababu hakukata kigae bila kukipima mara mbili kwa rula na mara ya tatu kwa jicho. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Kabla ya kuingia kwenye karakana ya vigae alijaribu ususi akaacha, akajaribu kuuza dukani akaachishwa. Hapa alikuwa amedumu miezi saba, na mama yake aliihesabu kimoyomoyo, asije akaitia nuksi.

Kazi yao ilikuwa ukuta wa chumba cha kusubiria cha zahanati: watu sita wameketi kwenye benchi, wote wa vipande vya vigae. Wanagenzi nao walikuwa sita, kila mmoja na mtu wake. Msanii aliyewafundisha, mama mwembamba asiyependa kurudia maneno, waliyemwita Mwalimu, aliwataka wachague mtu wanayemjua. Kipimo alimchagua bibi yake, ambaye alikaa kwenye kigoda siku mbili nzima akilalamika.

"Mjukuu wangu, usinitoe na mikunjo yote. Mingine iache nyumbani."

Vipande vya picha kama hiyo havibandikwi ukutani kimoja kimoja. Kwanza hubandikwa kwenye karatasi ya kaki, upande wa rangi ukiwa chini, kwa gundi ya unga iliyopikwa kama uji. Kisha karatasi nzima hugandamizwa kwenye saruji mbichi, ikalowanishwa, gundi ikalainika, karatasi ikabanduliwa. Kwa hiyo kwa wiki tatu Kipimo hakuona ila migongo ya vipande, yote rangi moja ya udongo. Uso wa bibi yake alikuwa ameulaza kifudifudi.

Ijumaa alasiri, vikiwa vimebaki vipande arobaini vya shavu la kushoto, gundi ya unga iliisha. Kupika nyingine na kuipoza ilikuwa kazi ya saa nzima, na wenzake walikwisha kunawa mikono. Kwa seremala wa jirani kulikuwa na kopo la gundi nyeupe ya mbao. Kipimo alijiambia kwamba gundi ni gundi, tena hii inashika zaidi. Akaazima, akamaliza, hakumwambia mtu.

Jumatatu wakapandisha ukutani. Karatasi za wenzake watano zilibanduka kama ganda la ndizi iliyoiva. Ya Kipimo nayo ilianza vizuri: kilemba kikatokea, paji la uso, macho, pua. Ilipofika shavu la kushoto ikagoma.

"Hebu nipishe, dada," alisema mwenzake waliyemwita Nyundo. "Hii ni karatasi, siyo bati."

Akavuta. Vipande vitatu vikang'oka na karatasi, vikaacha mashimo kwenye saruji.

Karatasi isipotoka, uso huo ungetolewa ukutani kwa tindo, na wiki tatu za Kipimo zingezolewa na ufagio.

"Acha!" Mwalimu alimshika Nyundo mkono. Akamgeukia Kipimo. "Hapa kwenye pua ulitumia gundi gani?"

"Ya unga, Mwalimu."

"Na hapa shavuni?"

Kipimo alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe, sijauliza viatu."

"Ya seremala. Ya unga iliniishia."

"Lo!" Nyundo alipiga mluzi. "Bibi wa watu amekuwa kabati."

Wote wakacheka isipokuwa Mwalimu na Kipimo.

"Ungeniambia Ijumaa," alisema Mwalimu polepole, "tungeibandua mezani huku tunakunywa chai. Sasa tutaibandua tumesimama. Ile gundi maji baridi haiyasikii. Nani ana maji ya moto?"

Mama wa usafi alileta birika na matambara mawili. Mwalimu aliweka kiganja juu ya vipande kuvizuia visicheze; Kipimo akachovya tambara, akalikamua, akaligandamiza shavuni, likipoa anachovya tena.

"Nijaribu kidogo?" aliuliza Kipimo.

"Usijaribu."

Dakika ishirini. Birika la pili. Vidole vyake vikawa vyekundu kama vimepakwa rangi. Birika la tatu lilipokaribia kwisha, ncha moja ya karatasi ikajikunja yenyewe.

"Haya," alisema Mwalimu. "Kwa kidole gumba. Sugua, usivute."

Karatasi ikatoka kwa magamba madogo madogo, na chini yake vipande vikawa vimetulia kila kimoja mahali pake. Kipimo alirudisha vile vitatu mwenyewe. Kimoja kilikaa upande. Akakinyoosha kwa ukucha. Kisha akarudi nyuma hatua nne, na kwa mara ya kwanza akamwona bibi yake mzima, amekunja uso kama aliyeambiwa daktari bado hajafika.

"Na mikunjo yote," alisema Nyundo, safari hii kwa sauti ya chini.

Kipimo alianza kuokota magamba ya karatasi sakafuni.

"Hebu mikono," alisema Mwalimu. Akaigeuza, akasonya. "Bahati yako umekosea ndani ya zahanati. Nenda kwa nesi. Ukirudi, upike gundi ya unga. Sufuria kubwa."

Nesi alimkalisha kitini, akageuka kutafuta dawa ya kupaka. Alipogeuka tena, alimkuta mgonjwa wake kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma.