Kibali cha Siku Tisini

Kwa miaka kumi na tisa, michikichi mirefu ya Kidahwe ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuipanda, naye ni Dismasi. Wengine walikata ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kwenye ile mifupi, ambayo mtu huifikia akiwa chini. Dismasi alijizungushia kamba kiunoni na kwenye shina, akapanda, na mkungu ulipoanguka tulisikia kishindo hadi barabarani. Mwenye shamba, Mzee Assani wa Ujiji, alizoea kusema mbele za watu, "Dismasi akiugua, mawese yangu nayo yanaugua." Maneno hayo Dismasi aliyapenda kuliko malipo.

Mwaka mmoja baada ya vita ya Burundi kuanza, vijana wetu walikimbilia dhahabu Kahama. Msimu ukafika, ngazi zikaiva kwa mkupuo, zikaanza kupukutika na kuozea majanini. Kambi za wakimbizi upande wa Kasulu zilikuwa zimejaa, na wenye mashamba wakaruhusiwa kuomba watu wa msimu. Mkimbizi alipewa kibali cha siku tisini chenye picha, muhuri na jina la mwajiri. Siku zikiisha, kibali kiongezwe mjini au mtu arudi kambini. Hivyo ndivyo Mzee Assani alivyomleta Feliksi.

Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, mwembamba, mpole wa maneno.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Dismasi siku ya kwanza.

"Marahaba." Dismasi alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Hilo neno mzee halikumpendeza.

Feliksi hakuangusha mkungu. Aliufunga kamba, akaukata, akaushusha taratibu mpaka chini, ngazi zisichubuke wala kutapanyika. Wanawake waliozoea kuokota moja moja vichakani walicheka kwa furaha. Devota, mke wa Dismasi, alikuwa mmojawao. Jioni, wakila ugali wa muhogo, akasema, "Yule mtoto wa watu anakata kwa heshima."

Dismasi akaweka tonge chini. "Kumbe mimi nilikuwa nakata kwa matusi?"

Tangu siku hiyo akawa anamchunguza. Anaanza mti gani, anapumzika lini, nani kampelekea maji. Devota akimpelekea Feliksi kata ya maji, Dismasi aliona; akimpelekea yeye kwanza, hakuona. Asubuhi moja alijaribu peke yake kushusha mkungu kwa kamba. Kamba ikajisokota, mkungu ukabembea, ukampiga begani. Hakumwambia mtu, lakini Mzee Assani hakuwa kipofu.

"Ile mirefu ya kijitoni mwachie Feliksi wiki hii," alimwambia. "Bega lako naliona."

Mzee alisema kwa huruma. Dismasi alisikia amefukuzwa.

Zilipobaki siku sita kibali kiishe, Mzee Assani alishikwa na malaria. Akampa Dismasi kibali na barua, avipeleke Kigoma ofisini. "Wewe ndiye ninayekuamini," akamwambia.

Dismasi alifika. Alikaa kwenye benchi, akamwona ofisa, Bi Elinipa, mwanamke wa Upareni aliyehamishiwa kwetu, akigonga mihuri. Mbele yake walibaki watu wawili. Akasimama, akatoka nje, akarudi Kidahwe na kibali mfukoni.

"Wamekipokea," alimwambia Mzee. "Wanakishughulikia."

Nyumbani akakiweka chini ya godoro.

Siku ya tisini na nne mgambo walipita mashambani kukagua. Feliksi akateremka.

"Kibali kiko wapi?"

"Kiko Kigoma, kinaongezwa. Mzee Dismasi ndiye aliyekipeleka. Muulizeni."

Sote tukamgeukia Dismasi.

"Mimi sijui habari za karatasi zake," akasema.

Feliksi alimtazama. Alikunja kamba yake, akaiweka chini ya mti, wakaondoka naye. Mzee Assani alikuwa bado kitandani Ujiji, akidhani kibali kimechelewa ofisini.

Ngazi za kijitoni zilioza msimu ule, maana Dismasi hakuzimaliza. Bega lilimkatalia. Baada ya mwezi Devota alitoa godoro kulianika juani, akakiona kibali, na picha ya Feliksi ikimtazama.

"Mtu kakimbia vita," alimwambia mumewe, "na wewe ukamkimbiza tena." Akafunga kanga zake, akaenda kwa dada yake Regina. Alikaa huko wiki mbili.

Msimu uliofuata Mzee Assani aliomba watu tena. Wakaja watatu, Feliksi hayumo. Aliandikwa kuwa alizidisha siku, na aliyeandikwa hivyo hapewi kibali kingine. Dismasi alipolisikia hilo alikaa siku mbili bila kwenda shambani. Ya tatu akaenda Kigoma na kile kibali. Safari hii hakutoka kwenye foleni.

"Kosa ni langu," alimwambia Bi Elinipa. "Nilitumwa nikilete, nikakificha."

"Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini, baba? Mtu huyu hana hata nyumba."

"Anapanda vizuri kuliko mimi."

Bi Elinipa akainua kalamu. "Niandike hivyo hivyo?"

"Andika."

Akatia dole gumba. Akamweleza na Mzee Assani yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya," akaingia ndani.

Mwaka mmoja baadaye Feliksi alipata kibali, ila si cha kwetu. Alikwenda shamba la mtu mwingine, huko Bangwe. Dismasi alisikia, akamfuata. Alimkuta juu ya mti.

"Feliksi!"

"Amahoro, mzee," Feliksi akajibu salamu kwa Kirundi, akaendelea kukata.

Dismasi alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi tangu Kidahwe. Akayasema yote akiwa chini, shingo imeinuka. Feliksi alisikiliza, akasema, "Nimesikia, mzee. Sogea, mkungu unakuja." Dismasi akasogea. Mkungu ukashuka taratibu, ukafuata wa pili, na wa tatu, naye kila mara alikaza macho kwenye lile fundo la kamba, roho ikimuuma kama siku ya kwanza.

Jioni alirudi nyumbani. Devota akamuuliza kama alimwona.

"Nimemwona," akasema. "Amenenepa kidogo."