Matabishi ya Mia na Moja

Kwetu Kasungami namba zisizogawanyika nilizijua kwa nyanya. Nyanya ishirini na nne zinapangika vizuri mezani: mafungu sita ya nne nne, ama manane ya tatu tatu. Ishirini na tatu zinakusumbua. Panga utakavyo, zitakataa kulingana, na ile inayobaki mkononi unampa mteja juu ya fungu lake. Hiyo ni matabishi, na matabishi haiingii katika hesabu.

Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, anasoma hesabu chuo kikuu, pale Kasapa. Juzi alipaswa kusimama mbele ya professeur na wanafunzi wenzake, awaonyeshe namba kubwa ambayo ni premier, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Katika somo hilo alishaanguka mara moja. Akianguka tena, mwaka umekwenda. Na mashine ya kuhesabia ilikatazwa. Akachagua milioni moja na moja, akaja kwangu nimsaidie kugawa.

"Tutagawa kwa namba premier zote mpaka elfu," akaniambia. "Kupita pale hapana lazima. Kama iko na mugawanyi mukubwa, iko na mwenzake mudogo, na tutakuwa tulishamukamata."

"Ziko ngapi?"

"Mia moja sitini na nane."

"Punguza."

"Yaya, hapa haiko ku soko. Utachukua za chini ya mia, ishirini na tano tu." Akacheka. "Na juu weye unapendaka matabishi, chukua na mia na moja."

Zile ishirini na tano niligawa kila moja mara mbili, maana hata ngazi za kanisa nazihesabu nikipanda na nikishuka. Kila mara kitu kilibaki. Nilipofika mia na moja, mkono ukairuka. Sikuwa nimechoka, wala sikusahau. Ni mazoea tu.

"Zangu zimekwisha," nikamwambia.

Kesho yake mchana alikuja mezani pangu, akageuza kreti ya nyanya akaketi. Professeur alimwacha aseme mpaka mwisho, ndipo akaandika ubaoni: 101 × 9 901. Darasa likacheka. Akaulizwa ni nani aliyegawa kwa mia na moja.

"Ulijibu nini?"

"Nilisema ni miye."

Nikapanga upya nyanya zilizokuwa zimeshapangwa. Angenitukana, ningepata pa kubishania, kelele naziweza. Hakunitukana. Alisema amepewa nafasi moja ya mwisho, Jumatatu: milioni moja na tatu, aseme kama ni premier ama hapana.

"Nipe zote," nikasema.

"Zote? Na nyanya atauza nani?"

"Zitaoza. Nipe zote."

Jioni ile tuliketi na karatasi. Akaona nilipoanzia.

"Leo unaanza na matabishi?"

Niligawa kwa mia na moja, zikabaki mbili. Nikagawa tena, zikabaki mbili zilezile. Nikamsogezea karatasi aone mwenyewe, bila kumwangalia usoni.