Sukari Katika Tangi la Faki

Harufu ya petroli iliyochanganyika na maji ya samaki ilikuwa ikiingia nyumbani kwetu, pembezoni mwa mji wa Wete, kila siku kabla ya adhuhuri, na mimi nilipoinusa tu nilijua kwamba muda wangu wa kuwa peke yangu na mama umekwisha. Ililetwa na Faki, baba yangu wa kambo. Kazi yake ilikuwa kununua samaki walioletwa bandarini na wavuvi wa kisiwa cha Fundo, kuwapakia kwenye tenga lililofungwa nyuma ya pikipiki yake, na kuwakimbiza sokoni Chake Chake kabla jua halijawa kali. Aliporudi, maji ya samaki yalikuwa yamemiminikia kwenye bomba la moshi na kuungua, na uvundo ule ulikaa kwenye mapazia, kwenye mito, hata kwenye ushungi wangu wa skuli. Baba yangu mzazi alikuwa amemwacha mama na kuhamia Tanga. Mama alipoolewa tena tulihamia kwa Faki, ambako tulimkuta na mama yake, Bi Raya, bibi mwembamba mwenye masikio makali, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mtoto wa Tanga ijapokuwa Tanga sikuwahi kukanyaga.

Faki hakunipenda, nami sikumpenda. Sisemi hivi kwa kutaka kuonewa huruma. Ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu nyumbani alijua. Alisema namtazama akila kama askari anayemlinda mfungwa. Mimi nilikataa kumwita baba. Mama alinibembeleza, akanifinya, akanibembeleza tena, lakini neno lenyewe lilikuwa halitoki, basi nikawa simwiti kwa jina lolote. Nikitumwa kumwita chakulani nilikwenda nikasimama mbele yake mpaka anione. Hilo lilimuudhi kuliko matusi. Kitu kimoja tu cha kwake nilichokuwa nakifuata ni kioo cha pembeni cha pikipiki, kwa sababu ndani ya nyumba ile kioo kilikuwa chumbani kwa Bi Raya, na chumbani kwa Bi Raya mimi sikuruhusiwa kuingia. Jioni, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, nilichuchumaa kando ya tangi nikajifunga ushungi wangu huku nikijitazama humo.

Ilikuwa miezi ya kaskazi, joto linapopanda mpaka kuku wanalala chini ya vitanda, pale pikipiki ilipoanza ugonjwa wake. Asubuhi iliwaka kwa kiki ya kwanza na kwenda vizuri. Ikishapata moto, basi, haikushika tena sailensa, ule mngurumo wa kutulia bila resi: Faki akiachia resi, injini ilitetemeka, ikakohoa, ikakata. Na akishaizima kidogo tu, kwa kusali au kwa kushusha samaki, kuiwasha tena ilikuwa adhabu. Alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Ikiwaka, ilikwenda maadamu anaishikia resi. Akilegeza mkono, kimya. Ilibidi aiache kivulini mpaka ipoe kabisa, ndipo iwake kama haikuwa na tatizo lolote. Alinunua plagi mpya. Akamwaga petroli akatia nyingine. Hapakuwa na nafuu. Mimi nilipousikia mlio ule wa kukohoa kutoka mbali nilitabasamu, na nadhani tabasamu lile aliliona mtu.

Siku moja pikipiki ilimzimikia katikati ya njia ya Chake, tenga likiwa limejaa changu na tasi. Jua lilikuwa la utosini, na hapakupita gari la kumsaidia. Ilipopoa na kuwaka, samaki walikuwa wameharibika, akaenda kuwamwaga mwituni. Alirudi nyumbani bila kutoa salamu. Alikaa barazani, macho mekundu, na Bi Raya akatoka na kibweta chake cha tambuu, akakaa karibu naye, akasema kwa sauti ambayo alitaka niisikie jikoni: "Mimi sukari yangu inapungua kila siku kwenye kopo. Na huyo mtoto wa Tanga kila jioni namwona kachuchumaa kwenye tangi. Wewe unatafuta ugonjwa gani tena?"

Faki alinyanyuka. Alinikamata mkono pale jikoni, akanivuta mpaka kwenye pikipiki, akaniinamisha uso mpaka ukawa karibu na kifuniko cha tangi. "Umetia sukari humu?" Nikasema sikutia. "Ulikuwa ukifanya nini hapa?" Nikasema nilikuwa nikijitazama. Bi Raya akacheka. Faki akasema asubuhi atanipeleka kwa fundi nishuhudie mwenyewe, na sukari ikionekana, nitapelekwa Chokocho kwa shangazi yangu nikakae huko, nyumba yake haiwezi kulea adui. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilimngoja aseme kitu. Alikuja, akachutama mbele yangu, akaniuliza polepole, kwa upole ambao mpaka leo ukinijia hunichoma: "Zuwena, mwanangu, niambie mimi tu. Umetia?"

Asubuhi nilipakiwa nyuma ya pikipiki, juu ya kiti kilichonuka samaki. Sikumshika Faki, nilishika vyuma vya tenga mpaka viganja vikauma. Fundi mwenyewe aliitwa Shaame. Gereji yake ilikuwa banda la makuti na mabati, na hakuna aliyekuwa akimpenda, kwani alitukana wateja kama anavyotukana boliti zilizoshika kutu. Faki alimweleza habari ya sukari. Shaame akanitazama, akauliza kama nimetia, nikasema sikutia, naye akasema tu, "Tutaona." Halikuwa neno la huruma, lakini ndiyo mara ya kwanza tangu jana yake kwa mtu kuniuliza na kisha kungoja kuona.

Alifungua tangi, akamimina petroli yote kwenye beseni huku akiichuja kwa kitambaa cheupe. Akasema sukari haiyeyuki kwenye petroli, ingekuwepo ingekaa chini kama mchanga. Kitambaa kilibaki na chembe za kutu, basi. Faki akasema labda imeshateremka kwenye kabureta. Shaame akafungua kabureta, akaigeuza mbele ya uso wa Faki. "Lamba," akamwambia. "Ukionja utamu niite." Faki hakucheka. Fundi akairudisha, akaipanda pikipiki, akaiendesha huku na huko mpaka ikapata moto, akarudi nayo ikitetemeka na kukata. Ndipo alipoacha kutukana. Akakibonyeza kiki kwa mkono, taratibu, mara kadhaa, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. "Ilipokuwa baridi kiki ilikuwa nzito," akasema. "Sasa inakwenda laini. Pumzi inavuja humu ndani." Akasema haifungui mpaka ipoe, kwani kipimo chake hupimwa injini ikiwa baridi.

Tukangoja. Faki aliagiza kahawa na kashata, akala peke yake, amenipa mgongo. Mimi nilikaza midomo asije akajua nina njaa. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa banda mpaka mwingine, na nilikuwa nikifikiri juu ya Chokocho, kwa shangazi niliyemwona mara chache tu, na juu ya swali la mama.

Injini ilipopoa, Shaame alifungua vifuniko vidogo vya juu, akachukua kibati chembamba cha kupimia, akajaribu kukipenyeza kwenye tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu. Hakikuingia. Akachukua chembamba zaidi. Nacho hakikuingia. Akainua kichwa. "Yakhe, nani kakaza tapeti hizi?"

Faki alifuta mdomo. "Zilikuwa zikigonga. Kelele tupu."

"Nani kakaza, nakuuliza."

"Mimi."

Shaame aliweka spana chini. Alimwambia, watu wote wa gereji wakisikia, kwamba chuma kikipata moto hutanuka, na kwamba ule mwanya mdogo unaogonga ndio unaoiachia valvu nafasi ya kufunga. Yeye ameuziba, basi injini ikichemka valvu inabaki wazi, pumzi inatoka, na pikipiki inazima. "Umeharibu mwenyewe kwa mkono wako, unakuja kunisimulia sukari." Akazilegeza tapeti kwa kipimo, akafunga, akaiwasha, akaipeleka mpaka ikachemka. Alipoirudisha aliachia resi kabisa. Injini ilitulia, ikigonga kwa mbali, tiki tiki tiki, wala haikukata.

Njiani nilidhani Faki atawaambia kweli tukifika. Tulipofika Bi Raya aliuliza kutoka barazani, "Fundi kasemaje?" Naye akajibu, akiivua fulana yake, "Petroli ilikuwa chafu." Kisha akaingia kuoga. Nilisubiri mpaka sote tulipokaa mkekani kula, ndipo nikasema, "Ni tapeti. Kazikaza mwenyewe. Sukari haikuwemo." Faki aliacha kutafuna. Bi Raya akasema astaghfirullah, mtoto gani huyu. Na mama, mama yangu, akasema bila kuniangalia: "Zuwena, nyamaza. Muombe radhi baba yako."

Nikanyanyuka, nikanawa mkono. Nikasema, "Nipelekeni Chokocho." Mama alidhani ni hasira ya mtoto, itapoa kesho. Kesho yake nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye kanga, na kesho ya pili yake sikuwa nimeifungua. Mama alilia, akaniahidi mambo mengi, lakini hakunitamkia kwamba aliniamini. Aliyenipeleka alikuwa Faki, kwa pikipiki ileile, kisiwa kizima kutoka kaskazini mpaka kusini. Tulisimama Chake akasali. Alipotoka msikitini injini ikiwa bado ya moto, alipiga kiki moja tu ikawaka. Hakunitazama, nami sikumtazama. Chokocho aliniteremsha mlangoni kwa shangazi, akaweka mzigo wangu chini, akasema, "Haya," akaondoka.

Nimekulia Chokocho, nimeolewa Chokocho, na watoto wangu hawajui nyumba nyingine. Sasa Wete imejaa bodaboda, na kijana yeyote wa kituoni anaweza kukueleza habari ya tapeti bila kutukana mtu. Bi Raya ameshatangulia mbele ya haki. Faki anatembea kwa mkongojo, sukari ya mwilini imemla nguvu za miguu. Mimi sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye mwaka ule, na nafahamu mambo ambayo sikuyafahamu: kijana aliyemwaga samaki wake mwituni, mwenye mama asiyenyamaza, aliyeona haya mbele ya watu wa gereji na akashindwa kuibeba mpaka nyumbani. Nayafahamu yote hayo. Kufahamu hakukunifanya nimpende.

Idi iliyopita nilimpelekea kanzu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina mpaka mwisho. Mama alikuwa ameshaanza kupakua pilau. "Kaa basi ule," akaniambia, "nimekuwekea." Nikambusu mkono, nikamwambia gari la mwisho linaondoka, ingawa yalikuwapo mengine mengi, nikarudi kwangu Chokocho.