Mimba Ambayo Haikuwepo

Kabla ya vita vya pili kufika kwetu nilikuwa mkimbiaji wa lise yetu, shule ya sekondari. Walimu walisifu miguu yangu. Vita vilipofika na papa akapoteza kazi ya ofisini, miguu hiyohiyo ndiyo iliyotulisha. Kila asubuhi nilipanda milima ya Kabare kuchukua mihogo, nikairudisha mgongoni hadi soko la Nyawera, kamba ya mzigo ikinikata paji la uso. Nilikula mara moja kwa siku, mara nyingi sombe, majani ya mihogo, bila chumvi.

Damu ya mwezi ikakatika. Nilishukuru, maana hata vitambaa vilikuwa shida. Sikujua kwamba maman alikuwa akivitazama kwenye kamba ya kuanikia. Mwezi wa nne bila damu alinibana jikoni.

"Mimba iko ya nani? Ya askari?"

"Maman, sina mimba."

Akanizaba kofi. Jioni aliniita malaya. Asubuhi aliniamsha niende kubeba mihogo. Kama kweli aliamini nina mtoto tumboni, basi alikubali na huyo naye abebe mihogo.

Mwishowe alinipeleka kwa muganga wa kituo cha afya. Mzee yule alinikandakanda tumbo, akanitazama mbavu.

"Hapana mimba hapa. Anakula mara ngapi? Anatembea wapi?"

Nilimweleza. Akauliza pia kuhusu maji ya kunywa. Nikamwambia tunayaweka katika bidoni, dumu la plastiki tulilonunua sokoni, ambalo bado linanuka dawa ya kuua wadudu wa mashamba.

"Maman, ile bidoni mutupe. Ile dawa inaweza kuharibu mwili. Kama ndiyo imemufanya hivi, siwezi kujua. Lakini njaa na mizigo ninaviona. Mwili ukichoka hivi unafunga njia ya uzazi. Apumuzike, akule."

Maman alicheka, kicheko kikavu. "Akule nini, muganga?"

Tukarudi nyumbani. Bidoni haikutupwa, hatukuwa na nyingine. Kesho yake nilikuwa tena Kabare.

Damu ilirudi baada ya mwaka na zaidi. Nilipoolewa nilimngoja mtoto miaka sita, na hakuna daktari aliyeweza kuniambia kwa hakika kwa nini.

Maman hakuwahi kuniomba msamaha. Juzi nilimsikia akiwasimulia majirani, kwa fahari, "Wakati wa vita huyu mutoto alikuwa na nguvu kama mwanaume!" Wakanipigia makofi. Nikaenda kuosha vyombo.