Mama Alipohama Duara Langu

Tunabandikana ndevu za pamba kwa uji wa muhogo, maana maigizo ya sekondari yanakaribia, na harufu yake ya kuchacha imenirudisha shule ya msingi.

Huko, siku ya maigizo, Mwalimu alitupanga kama ngoma za Kisukuma: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Mimi nilikuwa babu mlevi. Watu walicheka wakishika mbavu, mama yangu mbele kabisa.

Upande wa pili rafiki yangu, ambaye hata kwao akifa mbuzi anauliza nyama tu, aliigiza yatima. Akalia. Duara langu la watazamaji likaanza kupungua, na mama naye akainuka.

“Mama, mwanao ni mimi!” nilifoka, ndevu zikining’inia.

“Ngoja kidogo, baba. Mtoto wa watu analia.”

Akampangusa machozi kwa kanga yake. Nikaangua kilio, kamasi na uji vikachanganyika.

Mwalimu akaninong’oneza, “Huo ndio wivu. Endelea kuuigiza.”

“Siigizi, Mwalimu! Namtaka mama yangu!”

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mama naye alipiga, kule kule kwa yatima.