Taa ya Mama Gradi

Jirani yetu hapa Bukoto ni askari polisi wa kike, na hata akiomba chumvi sauti yake huamrisha. Nyuma ya nyumba amejenga kibanda chenye paa la mabati linalosukumwa kando, ili darubini yake ipige picha anga. Mwaka mzima alipiga picha za wingu lile lile la gesi kati ya nyota, kidogo kidogo, kila mvua ilipompa nafasi. Kila mara Mama Gradi, muuza chapati, alizima taa ya nje ya kibanda chake, mwanga usiharibu picha, akauza kwa mshumaa.

Jana askari alimletea Mama Gradi picha iliyokamilika, ameishika kwa ncha za vidole.

"Afande, gizani mwaka mzima kwa moshi huu mwekundu? Kwangu moshi upo wa bure!"

"Ndiyo, mama," akanong'ona.

Mama Gradi aliitundika mbele ya wateja. "Hii," akawaambia, "tumeipiga mimi na Afande."