Upande wa Baba

Nimesoma kwamba ni afya kitanda kiachwe wazi asubuhi, unyevu wa usiku utoke. Leo nilipofunua blanketi, harufu ya godoro lililolaliwa ilinirudisha utotoni, kwenye baridi ya Lubero. Baba alikuwa ameenda Kyavinyonge, kule ziwani, kununua samaki, hakurudi. Kila asubuhi mama alitandika upande wake tu. Wa baba aliuacha na bonde la mwili wake.

“Mama, nitandike na huku?”

“Hapana, mutoto wangu. Ukitandika, utamufungia njia ya kurudia.”

Asubuhi moja niliweka mkono kwenye lile bonde. Palikuwa na joto, na shuka lilikuwa na mchanga mbichi wa ziwani. Nikamwita mama.

Alikuwa anapuliza moto, hakugeuka.

“Muache kwanza,” alisema. “Angali analala.”